Sifa za Chumba cha Abdulazizi

Jasmin alianza kusoma Kijapani akiwa edani, na kama kulikuwa na mtu yeyote Mapinga aliyeona jambo hilo lina maana, basi hakujitokeza. Wanawake waliokuja kumpa pole walimkuta amekaa mkekani, kajitanda nguo nyeupe, simu sikioni, akinong'ona maneno ambayo si dua wala si nyiradi. Walitazamana. Mjane mbichi ana haki ya kuchanganyikiwa kidogo, na watu wetu si wakali kwa aliyefiwa. Ukali wao wanauweka kwa mambo mengine. Wakanywa kahawa yao, wakaaga.

Maneno yale aliachiwa na mumewe. Abdulazizi alikuwa fundi wa mitambo ya barafu upande wa Mbegani, mtu mrefu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa amepata nafasi ya kwenda Japani kuendeleza ufundi wake. Mke angemfuata baadaye. Kwa hiyo kila jioni akirudi kazini hujifungia chumbani, akajirekodi akifundisha yale aliyojifunza yeye mwenyewe, kisha akamtumia mkewe ujumbe wa sauti, na mkewe wakati huo yuko uani hapo hapo anaosha vyombo. "Usikilize, Jasi," humwambia. "Kesho," hujibu Jasmin. Kesho zikawa nyingi. Halafu siku moja ya masika pikipiki ikateleza barabarani, na yule mtu mrefu akarudishwa nyumbani amefunikwa.

Alizikwa nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mikorosho walikolala babu zake wote. Zamani shamba hilo lilikuwa kubwa. Siku hizi ukoo umekwisha kuuza viwanja kwa watu wa Dar, nao wamejenga mpaka kwenye linta wakaishiwa, kwa hiyo kati ya nyumba na makaburi pana mapagale matupu, madirisha hayana kitu na nyasi zimeota vyumbani. Wanawake kwetu hawaendi kuzika. Jasmin na mama mkwe wake, Bi Mwanahija, walibaki ndani na wenzao wakisikiliza mvua juu ya bati. Lakini baadaye Jasmin alimsikia shemeji yake Hamidu akimwambia mtu kibarazani, kwa sauti ya chini, kwamba kaburi lilijaa maji wakayachota kwa ndoo, udongo ukawa unaporomoka, na kile kishimo cha ubavuni anamolazwa maiti wakakichimba chembamba kuliko inavyotakiwa, maana hapakuwa na namna. Bi Mwanahija hakuambiwa. Abdulazizi alikuwa mwanawe pekee. Hamidu alikuwa mtoto wa mke mwenzie.

Ujumbe ule wa sauti ulikuwa mwingi, na Jasmin aliusikiliza mmoja baada ya mwingine, kwa mpango, kama mtu anayekula akiba kidogo kidogo. Somo la vivumishi ndilo lililomnasa.

"Hapa Wajapani wametuhurumia, Jasi," sauti ilisema. "Sisi tuna mti mkubwa, kitu kikubwa, nyumba kubwa, majumba makubwa. Wao wana ookii, imekwisha. Mti, ookii. Nyumba, ookii. Tembo naye, ookii. Hawaulizi ngeli. Lakini usicheke mapema."

Usicheke mapema, kwa sababu kivumishi chao kinabeba wakati mgongoni. Samui ni baridi. Samuku nai, si baridi. Samukatta, palikuwa na baridi ikapita. Kinachogeuka mkia ni kivumishi chenyewe, kama kitenzi. Halafu liko kundi la pili, lenye adabu zaidi, ambalo haligeuzi mkia wake bali huomba kijineno "na" kabla ya kushika jina: shizuka na heya, chumba kimya. Jasmin, aliyezaliwa na ngeli mdomoni, alijikuta anatafuta kiambishi cha kubandika, anasema kiookii, waookii, na akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Baadaye akaona haya kwa kicheko kile.

Jambo jingine alilofundisha lilimkaa Jasmin rohoni. Kuna vivumishi, alisema Abdulazizi, ambavyo ni vya mwenye navyo tu. Baridi unayoisikia wewe utasema samui. Ya mwenzako huwezi kuisema hivi hivi, kwani umeingia mwilini mwake? Utasema anaonekana kama ana baridi. Mpaka aseme yeye.

Mwisho wa kila somo kulikuwa na maswali. Sauti inauliza, inanyamaza ili mwanafunzi ajibu, kisha inatoa jibu sahihi. "Heya wa hiroi desu ka?" Chumba ni kipana? Kimya. "Hai, hiroi desu." Ndiyo, ni kipana. Nyuma ya sauti feni ilikuwa inazunguka, na mbali zaidi sufuria zinagongana uani. Jasmin alikuwa anajisikia mwenyewe akiosha vyombo, mke wa mtu aliye hai. Alirudia sehemu ile mara nyingi kuliko somo lilivyohitaji.

Alasiri moja akaifungua tena.

"Samui desu ka?" Una baridi? Hapo jibu alilijua kwa moyo: Abdulazizi hucheka, akasema, "Iie, samuku nai desu. Baridi Mapinga itoke wapi!"

Safari hii hakucheka. Kimya kilirefuka kidogo, kisha sauti ikasema, "Samui."

Jasmin akaitazama simu. Ujumbe ni ule ule, tarehe ile ile. Akaurudisha mwanzo. Feni haikusikika. Vyombo havikusikika. Palikuwa na kimya kizito, kama cha mtu aliyefunikwa shuka, na ndani yake sauti ya mumewe ikiuliza na kujijibu.

"Heya wa hiroi desu ka?"

"Semai."

"Akarui desu ka?"

"Kurai."

Si kipana, ni cha kubana. Hakina mwanga, ni giza. Kila mtoto wa huku amefundishwa chuoni tangu hajang'oa meno kwamba kaburi la mja mwema hupanuliwa likatiwa nuru, na la mwingine humbana mwenyewe. Angekuwa mtu wa mahali pengine angesema simu imeharibika akaenda kulala. Jasmin alisema simu imeharibika, lakini kulala hakulala.

Alimpa Hamidu asikilize. Hamidu alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga, akasema, "Sauti yake hasa, shemeji. Jamani." Akairudisha simu. Kijapani hakukijua hata neno, na feni hakuwahi kuisikia, kwa hiyo alichosikia ni ndugu yake tu. Jasmin akaona afadhali anyamaze. Aliapa hatoufungua tena ujumbe ule, na kesho yake akaufungua, kwa sababu alikuwa anampenda, na mtu anayesema ana baridi humwachi hivi hivi ukajifanya hukusikia.

Ndivyo Bi Mwanahija alivyomfuma. Bibi huyu alikuwa na macho mabovu lakini masikio yake yangeweza kusikia chumvi ikimwagika kwa jirani. Alasiri hiyo alipita ukumbini akasikia mwanamume anazungumza chumbani kwa mkaza mwanawe, ndani ya eda, mlango umerudishwa. Akausukuma kwa bega.

"Nani humo? Mwanamume gani huyo, Jasmin? Nyumbani kwangu? Kaburi la mwanangu halijakauka!"

"Hakuna mtu, mama. Ni simu."

"Simu ya nani? Nipe niisi—"

Hapo sauti ikasema, "Kurai," na Bi Mwanahija akakaa chini. Hakuketi kitandani wala kitini. Alikaa palepale sakafuni, khanga ikamwanguka kichwani na hakuiokota.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu huyo."

"Ndiyo, mama."

"Anasema nini?"

"Ni masomo tu, mama. Alikuwa akinifundisha lugha."

"Najua ni lugha, mie si mjinga. Nakuuliza hilo neno. Hilo alilosema sasa hivi."

Jasmin alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa ameomboleza kwa namna ya wazee, bila kelele, akipungua tu kila siku, na kila usiku alikuwa akimwomba Mungu jambo moja kwa sauti, kwamba mwanawe apanuliwe kaburi lake. Ungekuwa wewe ungemwambia? Mimi nisingethubutu, na Jasmin naye hakuthubutu.

"Mwanga, mama. Anasema kina mwanga."

"Chumba?"

"Chumba."

"Na lile la mwanzo? Se... semai?"

"Kipana."

"Na samui?"

"Raha," alisema. "Anasikia raha."

Bi Mwanahija aliinua mikono akalia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Jasmin, akamshukuru hata aliyetengeneza simu. Usiku ule alikula wali sahani nzima. Jasmin alimtazama akila, akajiambia amefanya jema, na kwa siku chache lilionekana jema kweli.

Kila alasiri ikawa wanakaa wawili. "Mwulize," husema bibi, na Jasmin hubonyeza. Bi Mwanahija akayashika maneno upesi kuliko mkaza mwana. Akawa anayasoma jikoni akichambua mchele: semai, kurai, samui. Akawa anayasoma baada ya sala, vidole vikihesabu. Wageni wakija huwafundisha. Wahida, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwema asiyependa kumkatalia mtu, alikaa kwenye mkeka akiitikia pamoja naye, semai, kurai, samui, uso umejaa imani, na Jasmin katoka kwenda jikoni akajishikilia kwenye ukuta. Wanawake wazima wawili walikuwa wanasema kwa furaha kubana, giza, baridi, na yeye pekee ndiye aliyejua.

Hakika yake hakuwa pekee. Sauti nayo ilijua, na ilikuwa imeanza kuacha maswali. Mwanzoni ilijiuliza na kujijibu kama kawaida. Baadaye Jasmin akibonyeza, swali halipo. Liko jibu tu, linarudiwa polepole, na safari moja likaja neno ambalo halikuwamo katika somo lile. "Sabishii."

"Hilo jipya," alisema Bi Mwanahija. "Hilo nini?"

Jasmin alilijua. Ni upweke, na ni katika yale maneno ambayo ni ya mwenye nayo tu.

"Anasema... ametulia," alijibu.

Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Huyo ananiita," alisema.

Kuanzia hapo mambo yakageuka. Bi Mwanahija akaacha kumeza vidonge vyake vya presha. Chakula akakionja kwa ncha ya kidole akakisukuma. Akatoa sanda yake sandukuni, ile aliyoletewa na nduguye kutoka Makka, akaianika uani kwenye kamba ya nguo za kila siku, kati ya khanga na mashuka, ipigwe na upepo. Hamidu alimbeba akampeleka zahanati. Wakampima, wakamwandikia dawa, wakasema bibi ale. Bibi hakula.

"Mnanichelewesha," alimwambia Hamidu, bila hasira hata kidogo. "Mtoto amepata chumba kipana, kina mwanga, anaona raha zake, mie nifanye nini hapa? Kipana kile. Tutaenea wote wawili."

Hamidu alitoka nje akasimama kibarazani akiyatazama mapagale. "Shemeji," alimwambia Jasmin, "ni nani aliyemtia maneno haya mama?"

Jasmin sasa aliiona vizuri kazi yake. Alikuwa amelifanya kaburi lipendeze, akampambia mama wa watu mpaka akatamani kuhamia. Aliyekuwa anakufa kitandani hakuwa anakufa kwa huzuni. Huzuni ina dawa zake. Alikuwa anakufa kwa furaha, na furaha hiyo alipewa na yeye Jasmin, neno baada ya neno, kwa mdomo wake.

Siku Hamidu alipokwenda Ubena kwa shughuli zake, mvua ilikuwa imerudi. Bi Mwanahija alikuwa hainuki tena. Alilala ubavu, uso ameuelekeza ukuta wa upande wa makaburi, midomo ikisema maneno yake, na sauti imefifia hata Jasmin alilazimika kuinama ili asikie. Semai. Kurai. Jasmin akapiga moyo konde.

"Mama," alisema. "Nimekudanganya."

Midomo ikasita.

"Semai si kipana. Kurai si mwanga. Nilikudanganya, mama, nilikuonea huruma, unisamehe. Usiende huko. Hakuna raha huko."

"Semai ni nini?"

"Mama..."

"Nakuuliza, semai ni nini."

"Ni finyu. Mahali pa kubana."

"Kurai?"

"Giza."

"Na lile jingine?"

"Baridi," alisema Jasmin, na sasa analia waziwazi. "Anasema ana baridi. Na lile la mwisho, anasema yuko peke yake."

Bi Mwanahija akajigeuza. Akamtazama Jasmin kwa muda mrefu, si kwa chuki. Alimtazama kama mama anavyomtazama yaya aliyemwacha mtoto alie.

"Nipe uji," alisema.

Jasmin alikimbia jikoni. Uji aliuleta wa moto, na bibi aliunywa wote, akaomba mwingine, akaunywa. Vidonge vya presha alivitafuta mwenyewe chini ya mto akavimeza. Rangi ikamrudia. Akaweka miguu chini, akasimama, akashika ukuta, akauachia. Jasmin alikuwa anasema alhamdulillahi kila hatua, maana aliona ukweli umefanya kazi ambayo dawa zimeshindwa, na moyo wake, uliokuwa umekunjwa kwa wiki nzima, ukafunguka.

Bi Mwanahija alitandua kitanda. Alivuta blanketi, lile zito la sufu alilokuwa akijifunikia, akalikunja vizuri, pindo kwa pindo, akalipakata kifuani ndani ya khanga ili lisilowe.

"Unakwenda wapi, mama? Mvua hii!"

"Mwanangu ana baridi," alisema bibi. "Siku zote hizi ananiambia ana baridi, nami namwitikia nacheka."

"Mama, ngoja Hamidu arudi. Mama, tafadhali."

"Wewe kaa hapo hapo mlangoni. Eda yako haijaisha."

Akatoka. Mwanamke ambaye asubuhi ile hakuweza kujigeuza kitandani alivuka uwanja kwa miguu yake, akapita kati ya mapagale, akaonekana kidogo kwenye dirisha tupu la moja, kisha la pili, kisha hakuonekana. Jasmin alimpigia Hamidu. Hamidu akasema anatafuta usafiri sasa hivi, amrudishe mama ndani. Jasmin akamwita Wahida kwa nguvu, mvua ikameza sauti. Akasimama kizingitini, kidole kimoja cha mguu nje, na hapo nisimpambe: eda ilikuwa kisingizio tu, kwa sababu dharura huruhusiwa na yeye alilijua hilo. Alichoshindwa nacho ni woga. Aliogopa kwenda kusikia bila simu kile alichokuwa akikisikia kwenye simu.

Mvua ilikatika kabla ya magharibi. Mwadhini alikuwa hajaanza bado Jasmin alipomwona anarudi, polepole, akishika kuta za mapagale moja baada ya jingine. Khanga imemganda mwilini. Udongo mwekundu ulikuwa umempaka miguuni, magotini, na kwenye mikono ulikuwa umepanda mpaka kupita viwiko, na kucha zake mbili hazikuwepo. Blanketi hakuwa nalo.

Jasmin alimpokea, akamkalisha, akaleta maji ya moto kwenye beseni. Aliiosha mikono ile bila kuuliza kitu, na maji yakabadilika rangi, akayamwaga, akaleta mengine. Bibi alikuwa anapumua vizuri. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyemaliza kazi iliyokuwa ikimsubiri.

"Ulisema kweli, mwanangu," alisema. "Ni padogo. Hata blanketi halikukunjuka lote."